Milango ya Mwaloni

Holger Krag alikuwa amesimamia ujenzi wa nusu ya majengo mapya ya mji wa Randers, na katika miaka yote hiyo alikuwa amegombana na wachora ramani wa kila aina. Lakini kumchukia mtu, kumchukia hasa, mpaka unaamka asubuhi ukiwa na jina lake mdomoni kama ladha ya dawa, hilo lilimpata mara moja tu. Mtu huyo aliitwa Sidsel Damgaard.

Chuki ilianza siku ya kikao cha kwanza. Walikuwa wamekaa ndani ya kibanda cha saiti, buti zikidondosha tope chini ya meza. Ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo mikate ya duara na jibini ilikuwa katikati ya meza, kwani Ijumaa bila mikate hakuna fundi atakayekuinulia nyundo. Sidsel, msanifu majengo kutoka Aarhus, mwanamke mwembamba mwenye nywele fupi kama brashi, alikuwa anaeleza jinsi nyumba ya wazee itakavyokuwa. Kuta za mbao. Ndani ya kuta, magazeti yaliyosagwa ya kuzuia baridi, badala ya sufi ya kiwandani. Matofali ya nje yametoka kwenye kiwanda kilichobomolewa. Na kila mzee atafungua chumba chake kwa mlango wa mwaloni wa zamani, kutoka kwenye chuo cha walimu kilichovunjwa ng'ambo ya mto. Milango hiyo aliiokoa yeye mwenyewe na wanafunzi wake kabla tingatinga halijafika, na korido zote alizichora kwa kuifuata.

Holger aliuliza swali ambalo msimamizi yeyote angeuliza.

"Na hiyo milango ya marehemu, ina vyeti?"

Sidsel alimtazama kama mtu anayetazama doa kwenye shati. "Una miaka mingapi kwenye kazi hii, Holger?"

"Thelathini na ushei."

"Basi miaka thelathini na ushei unajenga maboksi yanayonuka gundi, tena umefumba macho. Nchi nzima imejaa maboksi yako. Staafu kwanza, baba, ndipo sisi wengine tuanze kupumua."

Watu wakacheka. Alicheka fundi umeme, akacheka fundi bomba. Birthe Mølgaard, mwenyekiti wa ushirika wa nyumba, mama wa makamo aliyewahi kuwa mwalimu mkuu na asiyecheka ovyo, alijificha nyuma ya kikombe cha kahawa, lakini mabega yalimsaliti. Hayo yote Holger angeyameza. Kilichomkwama kooni ni kwamba Jeppe naye alicheka. Jeppe, mnyapara wake, kijana aliyemfundisha yeye mwenyewe kushika randa.

"Haya," Holger akasema, akachukua mkate, akaupaka siagi. Hakusema neno jingine mpaka kikao kikaisha.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa miaka yake yote kazini Holger alikuwa anazilaani kanuni za ujenzi. Kila zilipotoka upya zilikuwa nene zaidi, na kuta nazo zikanenepa, vioo vya madirisha vikawa vitatu badala ya viwili, na nyumba ikishakamilika wakaja watu na feni kupima kama inavujisha hewa, utafikiri ni mpira wa baiskeli. Jumatatu iliyofuata alizifungua kanuni hizo na kuzisoma kwa mapenzi, kama mtu aliyegundua kwamba jirani aliyekuwa akimtukana siku zote ana bunduki ya kuazima.

Alimpigia simu mshauri wa moto wa manispaa. Alikuwa na adabu kupita kiasi. Alitaka tu kujua, alisema, maana yeye ni mtu wa zamani na hajui mambo mapya: mlango kati ya chumba cha mzee na korido unatakiwa kustahimili moto kwa muda gani? Nusu saa. Na kama hauna cheti? Kama hauna cheti, mlango huo kwa sheria haupo. Ni tundu ukutani.

Sidsel alikuja saiti kesho yake, upepo wa Machi ukimpeperushia koti.

"Umenichongea kwa watu wa moto."

"Mimi? Nimeuliza tu, bibie. Si ulisema nimefumba macho? Nimeyafumbua."

"Ile ni milango ya mwaloni mtupu. Imekaa chuoni karibu miaka mia."

"Na chuo hakikuungua, bahati nzuri. Hivyo hatujui."

"Unafikiri utanikomoa kwa karatasi?"

"Nafikiria wazee," Holger alisema, akaweka mkono kifuani. "Usiku moto umezuka, mzee kwenye fimbo yake, mlango wako unawaka kama kiberiti. Mimi nisingepata usingizi. Wewe ungepata?"

Kilichomkera zaidi Sidsel ni kwamba hapo Holger alikuwa na haki. Alikwenda moja kwa moja kwa Birthe. Walikubaliana wapeleke mlango mmoja kwenye maabara ya moto kule kisiwani Sjælland, uchomwe mbele ya mashahidi. Ukishinda, mingine yote itahesabiwa imeshinda. Lakini Birthe, ambaye wazee wake walikuwa wameshatoa taarifa ya kuhama nyumba zao za zamani, aliweka sharti: mwisho wa Aprili. Siku hiyo kuta za korido zinafungwa. Kama mpaka hapo hakuna mlango uliofaulu, Holger ana ruhusa ya kuagiza milango mipya ya kiwandani. Sharti hilo liliingizwa kwenye mkataba, na wote watatu wakatia saini.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Holger alivuka daraja la baharini la Storebælt asubuhi na mapema ili ashuhudie kwa niaba ya mkandarasi, na wala hakuhitajika kuvua koti. Mlango ulijengewa kwenye ukuta wa tanuri, moto ukawashwa upande wa ndani, na wao wakasimama upande wa nje kama watu wanaosubiri mgeni abishe hodi. Mgeni hakubisha. Zile mbao nyembamba za katikati, ambazo mafundi wa zamani walizichonga ziwe nyembamba ili zipendeze, zilianza kutoa moshi, zikaingia weusi, zikapasuka. Ulimi wa moto ukachungulia kwenye dakika ya tisa.

"Zima," akasema Yrsa, mkuu wa tanuri, mwanamke mpole mwenye kovu la moto mkononi.

"Tisa!" Holger aliangua kicheko ambacho kilirudi kwenye kuta za karakana. "Mama mkwe wangu kutoka kitandani tu ni dakika kumi na tano. Angekuwa mkaa kabla hajapata kandambili!"

Sidsel alikuwa amepauka kama chokaa. Alikuwa anautazama ule mlango, na kwa mara ya kwanza Holger aliona machoni pake kitu kisicho majivuno. Ilikuwa hofu. Alikuwa amewachorea wazee mlango wa dakika tisa na kuupigania kwa matusi. Holger aliona, akaelewa, na hakumwonea huruma hata chembe. Njia nzima ya kurudi alikuwa anapiga mluzi.

Alidhani yamekwisha. Lakini Sidsel alikuwa mtu wa shingo ngumu. Aliikodi nusu ya banda la stoo, hapohapo saiti, ambako milango ilikuwa imepangwa wima, akamleta seremala wa kutoka Aarhus, na wawili hao wakaanza kuifungua milango mmojammoja. Walizitoa zile mbao za katikati, wakazipasua kwa unene, wakaweka kati yake ubao wa jasi usioshika moto, wakazifunga tena hata usione mshono. Kwenye fremu wakachimba mfereji na kulaza utepe unaovimba ukipata joto, ili moshi ukose pa kupita. Sidsel mwenyewe alikuwa anapiga msasa. Vidole vyake vilijaa plasta.

Holger alizoea kupita pale na kikombe chake cha kahawa.

"Mnafanya upasuaji wa maiti?"

"Maiti inaamka, Holger. Ikiamka itakudondokea wewe."

"Angalia isife tena dakika ya kumi. Utakuwa umeongeza moja, si haba."

"Nenda kamalizie boksi lako."

Mafundi walikuwa wanasikiliza, wakipeana jicho. Mwanzoni walicheka. Baadaye waliacha kucheka, kwa sababu maneno ya wale wawili yalikuwa yamepoteza utani wote, yamebaki makali matupu, na mtu hataki kula mkate wake uliopakwa maini mahali palipo na visu hewani.

Kisha maabara ikaleta habari mbaya. Tanuri lilikuwa na foleni, nafasi ya kwanza ni siku moja baada ya mwisho wa Aprili. Siku moja. Sidsel alimwomba Birthe, na Birthe akasema siku moja haijamuua mtu, mradi Holger hana kinyongo. Wote wawili wakamgeukia Holger.

"Mimi nafuata mkataba," Holger akasema.

Birthe aliyachukua maneno hayo kuwa ndiyo. Sidsel, aliyekuwa amechoka, naye akayachukua hivyohivyo. Hakuna aliyemwuliza tena. Mwisho wa Aprili ulipofika jioni, Holger aliagiza milango mipya kiwandani: ya kijivu, iliyoshindiliwa ndani, yenye vyeti vyake. Kisha akamwita Jeppe.

"Kesho gari la kusaga mbao linakuja. Banda la stoo nalitaka tupu. Malori ya milango mipya yatashushia pale."

"Na ile ya mwaloni?"

"Nimekwambia banda liwe tupu, Jeppe."

Kesho yake alipanda gari na kuvuka daraja tena. Angeweza kubaki nyumbani. Lakini alitaka kuwepo. Alitaka kumwona Sidsel akishangilia au akilia, vyovyote vile, huku yeye anajua jambo ambalo Sidsel halijui.

Yrsa aliwasha tanuri. Sauti yake ilikuwa kama mvua kubwa kwenye bati. Dakika ya tisa ikaja, ikapita, na uso wa mlango ulikuwa umetulia kama uso wa mtu aliyelala. Kwenye pembe ukaanza kutoka mvuke, halafu harufu.

Hiyo harufu ndiyo iliyomfanyia Holger uchokozi. Kabla hajawa msimamizi, kabla ya simu na vikao na tumbo, alikuwa seremala, na alikuwa seremala mzuri. Mwaloni ukipata joto hutoa harufu kali yenye uchachu, inakaa kwenye nguo mpaka mkeo anaijua. Alijikuta amesogea karibu na mstari mwekundu ambao mashahidi hawaruhusiwi kuuvuka. Alitazama viungio. Ulimi wa kila ubao ulikuwa umekaa kwenye tundu lake, na kadiri joto lilivyozidi, viungio vilizidi kubanana. Watu walioutengeneza mlango ule walikuwa wamekufa zamani, na hapa kazi yao ilikuwa imesimama mbele ya moto na haitikisiki. Na kazi ya yule mwanamke ndani yake nayo haikutikisika. Alitafuta kasoro kwa jicho la miaka thelathini, akaikosa.

Nusu saa ilipita. Yrsa hakuzima. Aliacha tanuri liendelee kwa udadisi wake tu, na mlango ukasimama karibu dakika arobaini kabla moshi mwembamba haujatoka juu ya kitasa.

"Huo," Yrsa alisema huku akifunga gesi, "ni mlango."

Mkono wa Holger ulikuwa umeshaingia mfukoni. Gari la kusaga mbao huchelewa siku zote, aliwaza. Jeppe bila kahawa ya saa tatu haanzi kitu. Huenda hawajagusa hata mmoja. Milango mipya inaweza kurudishwa, watapiga kelele kiwandani, basi. Aliitoa simu. Alilitafuta jina la Jeppe, akalipata.

Hapo Sidsel akageuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka huku anacheka, na hakuwa na breki tena, miezi yote ile ilikuwa inamwagika kwa mpigo.

"Piga, piga! Wapigie mafundi wako uwape habari! Au unampigia mama yako aje akubembeleze? Tazama vizuri, Holger. Hiyo ni kazi ya watu. Wewe maishani mwako umewahi kutengeneza kitu chochote kikasimama dakika arobaini? Hata nyumbani kwako?"

Wale vijana wa maabara wakacheka. Yrsa hakucheka, alitazama chini.

Holger aliirudisha simu mfukoni.

Alitoka nje bila kuaga. Barabarani kulikuwa na kibanda cha soseji. Alinunua moja, ikatiwa haradali na vitunguu vya kukaanga, akaila amesimama upeponi, polepole. Alikuwa anajifuta vidole simu ilipolia.

"Bosi," ilikuwa sauti ya Jeppe, na nyuma yake hakukuwa na mngurumo wowote. "Mashine imekwama. Tulisahau bawaba mbili tatu, zimeuma meno yake. Tumesaga kama nusu hivi. Jamaa amerekebisha, yuko tayari kuendelea. Nimekumbuka leo ndio siku ya jaribio. Imekuwaje? Tuendelee, au tusubiri kwanza?"

Holger alitazama ng'ambo ya maegesho. Sidsel alikuwa ametoka, ameegemea gari lake, anaongea kwa simu huku akirusha mkono hewani kama mtoto.

"Endeleeni," Holger alisema.

"Una hakika? Maana kama—"

"Jeppe. Mimi ni nani kwako?"

"Bosi."

"Basi endeleeni."

Sidsel alifika Randers alasiri, amenunua keki ya sukari ya kahawia kwa ajili ya mafundi wote. Alikuwa ameishika mikononi alipofika kwenye banda. Banda lilikuwa limefagiliwa. Nje, pembeni, kulikuwa na rundo la vipande vya mbao linalomfika mtu kiunoni, rangi ya asali, na mvua ilikuwa imeanza kulinyeshea.

Holger alikuwa anamsubiri mlangoni mwa kibanda. Alikuwa ameliandaa jibu lake njia nzima.

"Tarehe ilikuwa jana," alisema. "Mkataba uliusaini mwenyewe."

Sidsel aliweka keki chini, kwenye tope, kwa uangalifu, kama mtu anayelaza mtoto. Akaenda kwenye rundo, akachota vipande kwa mikono miwili, akarudi, akamrushia Holger usoni.

"Shetani wewe."

"Nenda kalalamike Aarhus," Holger alisema, akitema punje ya mwaloni.

Jeppe alisimama palepale na ufagio wake. Tangu siku hiyo, kwenye mapumziko alikuwa anakula ndani ya gari lake.

Milango mipya ilifungwa. Ilikuwa mizito, ya kijivu, na kila mmoja ulijifunga wenyewe kwa springi na kishindo. Majira ya joto yakapita. Kazi ikaenda, maana hata watu wanaochukiana wanaweza kuezeka paa. Holger na Sidsel walizungumza kupitia kwa wengine: mwambie huyo mama, mwambie huyo mzee. Kufika Septemba jengo lilikuwa limesimama, zuri kuliko Holger alivyotaka kukiri, limebaki kufungiwa paa la mlango mkuu, na wazee walikuwa wamehamisha masanduku yao kwenye gereji za watoto wao wakisubiri funguo.

Ndipo ikaja hesabu ya moshi.

Siku hizi haitoshi nyumba kusimama. Inabidi ihesabiwe moshi wote uliotoka viwandani wakati vifaa vyake vinatengenezwa, saruji, chuma, vioo, kila kitu, na hesabu hiyo isivuke kikomo cha sheria. Ikivuka, hakuna kibali cha kuhamia. Kitu cha zamani kinachotumika tena huhesabiwa kama hakikutoa moshi wowote. Kupiga hesabu hiyo ilikuwa kazi ya Sidsel, na aliipiga kwa uaminifu, na, watu walisema, kwa raha. Jengo lilikuwa limechorwa likipita kwa unywele. Milango ya mwaloni ilipotoka na ya kiwandani ikaingia, unywele ule ukakatika.

Birthe aliwaita wote wawili kwenye kibanda. Safari hii mezani hakukuwa na mkate.

"Mwezi Mei ulijua," alimwambia Sidsel. "Siku ile milango iliposagwa ulijua hesabu itavuka. Kwa nini hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza. Nilifuata mkataba," Sidsel akasema, akimtazama Holger.

"Mungu wangu." Birthe alivua miwani. "Nilifundisha watoto wa miaka saba kwa miaka ishirini na sita, na sikupata kuona wawili kama nyinyi. Huyu anaangusha nyumba kwa kanuni ya moto, huyu anaiangusha kwa kanuni ya moshi. Kanuni zimewekwa ili watu wasife. Nyinyi mmezifanya fimbo za kupigania. Nina bibi wa miaka themanini na nane analala sebuleni kwa mwanawe, kwenye kochi! Mmejenga nyumba ya chuki. Hamieni nyinyi basi."

Aliifuta miwani, akaivaa tena.

"Lile paa la mlango mkuu," Birthe akasema. "La chuma na vioo. Kiwandani wameshalianza?"

Sidsel alishtuka. "Hapana. Lakini hilo haliguswi. Ndio uso wa jengo."

"Likiondolewa, hesabu inarudi chini ya kikomo?"

Sidsel aliikunja karatasi ya hesabu mara mbili. "Inarudi," akasema mwishowe.

"Basi jengo halitakuwa na uso."

Holger alisubiri afurahi. Furaha haikuja. Alimwona Sidsel amelegea kwenye kiti, mikono mapajani, vidole bado vina makovu madogo ya msasa, na alionekana mzee ghafla.

"Ipo habari ya taarifa ya mwisho," Birthe aliendelea. "Kampuni ya Holger inataka kujua kosa ni la nani. Nani aliua milango iliyofaulu jaribio?"

Sidsel alisugua macho. "Andika hakuna," alisema kwa sauti ya chini. "Gari lilikuja asubuhi, sisi tukiwa maabara. Jaribio lilipokwisha ilikuwa imeshasagwa, hakuna ambacho angeweza kufanya. Tarehe ilikuwa imepita kweli. Mimi nimechoka kupigana na mzee wa watu. Amebakiza miaka miwili astaafu. Tumwache."

Tumwache. Holger alilisikia neno hilo likimwingia kuliko yale ya kikao cha kwanza. Matusi yake alikuwa ameyazoea, yalimpa joto, aliyaamkia asubuhi. Lakini kuhurumiwa na mwanamke huyu, mbele ya mwenyekiti, kama mbwa aliyezeeka anayejikojolea! Damu ilimpanda kichwani. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

"Haikuwa imesagwa," akasema.

Wote wawili wakamtazama.

"Mashine ilikwama. Nusu ilikuwa mizima. Jeppe alinipigia nikiwa palepale kwenye maegesho, wewe umeegemea gari lako unacheka. Akaniuliza tuendelee au tusubiri. Nilikuwa nimeshauona mlango umesimama. Nikamwambia aendelee."

Nje, mtu alikuwa anapiga msumari. Alipiga mara kadhaa, akaacha.

"Kwa nini unaniambia?" Sidsel aliuliza.

"Ili usinihurumie."

Sidsel aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa bei ya kitu na kuikubali. Kisha akasimama, akachukua kofia yake ya saiti. "Nilikuwa nakuchukia kwa kubahatisha," alisema. "Asante. Sasa nakuchukia kwa uhakika."

Alitoka, na hakukanyaga tena Randers. Siku ya ufunguzi alimtuma msaidizi.

Taarifa ya Birthe ilipofika, kampuni ilimvua Holger usimamizi kabla wiki haijaisha. Hawakumfukuza kabisa. Walimpa kazi ya kuzunguka kwenye nyumba zilizokwisha akikaza bawaba na kusikiliza malalamiko, na Jeppe akapewa kiti chake. Walipokutana kukabidhiana funguo za kibanda, Holger alimwambia hongera. Jeppe alizihesabu funguo zote, moja moja, ndipo akajibu ahsante, bila kumwangalia.

Wazee walihamia mwezi Oktoba, mvua inanyesha kwa ubavu kama kawaida yake. Pale mlango mkuu hapakuwa na paa, kwa hiyo walisimama kwenye maji wakitafuta funguo kwenye mikoba. Holger alitumwa kusaidia. Kwenye korido ya juu alimkuta yule bibi wa miaka themanini na nane, Thyra Lassen, akihangaika na mlango wa chumba chake. Alikuwa anausukuma kwa bega, unasogea kidogo, kisha springi inaurudisha na kugonga kigari chake cha kutembelea.

"Huu mlango mbona hivi?" bibi alifoka. "Ni wa benki?"

"Ni wa moto, mama. Ukiwaka moto, utakulinda."

"Ukiwaka moto mimi nitakuwa bado niko nje nasukuma. Nani alichagua kitu hiki?"

Koridoni hakukuwa na mtu mwingine. Holger aliweka kiganja kwenye mlango na kuusukuma mpaka mwisho, akaushikilia kwa nguvu zote.

"Mimi," akasema.

Bibi Thyra alimtazama kuanzia buti hadi kichwani. "Basi shikilia hapohapo," alisema. "Nina masanduku tisa."